Agizo la Waya wa Pili

Uvumi huo Mama Arafa aliuokota kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akaubeba nyumbani pamoja na unga. Ulisema hivi: kata ya tatu kutoka kwao, mtoto wa miaka minane aliulizwa na mkaguzi anasikia nini, akajibu anasikia kilekile cha jana, na kesho yake akapelekwa Kituo cha Kunyoosha Masikio. Aliyeleta habari hakumjua mtoto huyo, wala mama yake, wala kata yenyewe hasa ni ipi. Lakini rangi ya gari lililomchukua aliijua. Kijivu.

Mama Arafa angeweza kuyasahau yote, ila gari lile la kijivu halikumtoka. Alikanda unga akiliona. Alifua akiliona. Maana naye alikuwa na mtoto wa miaka minane, na mtoto huyo alikuwa na ugonjwa wa kusema anachosikia.

Haya yalitokea katika nchi ambayo jina lake halina haja. Wenyeji watajijua, na wageni hayawahusu. Ilikuwa nchi nzuri, asikwambie mtu. Kila nyumba ilikuwa na spika ya serikali, sanduku la mbao lenye ukubwa wa kreti ya soda, limetundikwa ukutani juu kuliko picha ya harusi. Kila Alhamisi saa tisa alasiri Mheshimiwa Sauti Kuu alizungumza na wananchi wake kupitia sanduku hilo. Aliwaambia maji yamefika. Aliwaambia zahanati zimejaa dawa. Wananchi wakamsikiliza na ndoo tupu miguuni, wakaguna, na mguno ule ukapanda ukafika juu.

Sasa serikali ile haikuwa ya kupuuza mguno. Iliunda tume ya watu kumi na wanne. Tume ikazunguka miezi saba, ikala mbuzi wa kila wilaya, ikarudi na majibu. Maji hayana tatizo. Zahanati hazina tatizo. Hotuba ndiyo kabisa, haina tatizo. Tatizo ni waya.

Nyuma ya kila spika kulikuwa na matundu manne ya kufungia waya. Mawili ya juu yalikuwa ya sauti nyembamba, mawili ya chini ya sauti nzito. Lakini waya uliofika pale ulikuwa mmoja tu, umefungwa juu au chini, fundi alivyoamka siku hiyo, na vibati viwili vifupi vya shaba ndivyo vilivyovusha sauti kwenda upande wa pili. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamesikia vizuri bila kujua kwamba hawasikii.

Ripoti ikasomwa kwa wananchi. Kwamba maneno mazito ya Mheshimiwa na maneno yake mepesi yanapita njia moja, yanakanyagana, na mwananchi anapokea vumbi. Kwamba wenzetu wa ng'ambo wanatumia nyaya mbili kwa kila spika, mzito na wake, mwembamba na wake. Mmoja wa wajumbe wa tume alikuwa amejionea kwa macho yake, hotelini. Alipoulizwa kama alisikia tofauti, alisema hakuiwasha spika yenyewe, ila ilipendeza sana.

Basi likatoka Agizo la Waya wa Pili.

*

Agizo lilianza na vibati. Mjumbe wa nyumba kumi, Bi Kidawa, aliyekaa ng'ambo ya uchochoro kutoka kwa Mama Arafa, alipita na beseni la plastiki akivikusanya kama anayekusanya mchango wa msiba.

Mama Arafa akamuuliza huo waya wa pili uko wapi. Bi Kidawa akasema unakuja. Akauliza unakuja lini. Bi Kidawa akalitua beseni chini, akajishika kiuno.

"Mama Arafa, kibati ni adui wa usikivu. Imeandikwa. Sasa wewe adui yuko ndani ya nyumba yako, unaniuliza ratiba?"

"Nauliza tu, dada. Tukikitoa kabla waya haujaja, si nusu ya spika itakufa?"

"Ndiyo maana wewe hukuchaguliwa mjumbe," akasema Bi Kidawa, na vibati vikalia ndani ya beseni, kwi, kwi.

Alhamisi ikafika. Kwa Mama Arafa waya ulikuwa umefungwa matundu ya chini, kwa hiyo Mheshimiwa alizungumza saa nzima akisema mmmu, mmmu, mmmu, kama ng'ombe aliyesahauliwa bandani. Kwa Bi Kidawa waya ulikuwa juu, na huko alisema tsi, tsi, tsi, kama mafuta yaliyopokea kitunguu. Kesho yake gazeti likaandika kwa wino mwekundu kwamba usikivu wa taifa umepanda maradufu.

Arafa ndiye aliyegundua dawa. Alikuwa amekwenda uchochoroni kumwaga maji machafu, akasimama pale katikati ya nyumba mbili, beseni mkononi, akaita: "Mama, njoo. Ukisimama hapa anasema maneno."

Na kweli. Mmmu likitoka kushoto na tsi likitoka kulia, katikati ya uchochoro yalikutana yakawa Kiswahili. Alhamisi iliyofuata watu thelathini walibanana pale, wengine wamepanda juu ya mapipa, wakasikia vizuri kabisa kwamba maji yamefika. Bi Kidawa mwenyewe alikuwepo, amejifunika kanga usoni asijulikane, lakini ndala zake zilimsaliti. Arafa alimjua kwa mlio wa ndala kabla hajafika, akamwamkia kwa jina. Wiki ileile likatoka tangazo dogo chini ya agizo kubwa: kusikiliza uchochoroni ni kosa.

Jioni Bi Kidawa akaja, akakataa kuketi.

"Mwanao ana mdomo," akamwambia Mama Arafa kwa sauti ya chini. "Wakaguzi watafika mtaa huu Jumanne. Watamuuliza mdogo kuliko wote anayejua kusema. Mimi nakwambia kama jirani. Kama mjumbe, sijakuja hapa."

Gari la kijivu likapita tena kichwani mwa Mama Arafa, polepole.

*

Hapa ni lazima masikio ya Arafa yaelezwe, maana ndiyo yaliyokuwa hatarini.

Mtoto yule alisikia maziwa yakitaka kufurika kabla povu halijainuka. Alisikia jogoo wa jirani akimeza mate kabla hajawika. Mama yake alidhani ni utundu, mpaka alipozaliwa mdogo wake, Sefu, na kifua kibovu. Sefu alikuwa na pumu. Na pumu ya Sefu haikuja kwa kishindo. Ilianza kwa sauti nyembamba, kama uzi unaopitishwa kwenye nguo, na mama alikuwa haisikii hata akitega sikio. Arafa alikuwa akiisikia akiwa uani.

"Mama, Sefu ameanza filimbi."

Mara tatu alisema hivyo, na mara tatu mama alikimbia na ile dawa ya kupuliza akawahi. Baba yao alikuwa mbali kwenye kazi za barabara, akirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba ile, ukisema ukweli, ilikuwa inalindwa na masikio ya mtoto wa darasa la pili.

*

Mama Arafa alijisemea kwamba akiupata waya wa pili kabla ya Jumanne, mtoto atakachosema kitakuwa kweli, na hakutakuwa na dhambi wala gari. Jumatatu asubuhi akamfunga Sefu mgongoni, akaenda Idara ya Sauti Nzito.

Pale walimwambia nyumba yake nzito inayo, anachokosa ni nyembamba. Akapanda kilima hadi Idara ya Sauti Nyembamba. Pale walisema hawawezi kutoa wembamba bila barua ya uzito. Akashuka. Wazito walisema barua ya uzito hutolewa kwa mwenye muhuri wa wembamba. Akapanda. Jua lilikuwa limefika utosini na Sefu alikuwa amelowa jasho mpaka miguuni, naye mama alikuwa ameanza kuongea peke yake, kitu alichokuwa akikicheka kwa wenzake.

Mwishowe karani mmoja mwenye huruma alimpa fomu. Ilikuwa na swali moja. *Je, unasikia vizuri?* Chini yake: *Kama ndiyo, huhitaji waya wa pili. Kama hapana, subiri hapo ulipo, afisa wa nidhamu anakuja.*

"Sasa mwanangu, hapa mtu anajaza nini?" akamuuliza karani.

"Wengi huwa wanaiacha mezani na kuondoka, mama."

Akaiacha mezani, akaondoka.

Njiani alipita kwa Fundi Tindwa, mzee wa kutengeneza redio ambaye serikali ilikuwa imemnyang'anya kibao chake cha kazi lakini ikamwachia bisibisi. Alimweleza yote, mengine mara mbili kwa hasira. Fundi akaja naye hadi nyumbani, akapanda kwenye stuli, akatazama nyuma ya spika, akaomba pini mbili za nywele. Akazikwangua rangi kwa kisu mpaka zikang'aa, akazipinda, akazifunga palepale vilipokuwa vibati. Akawasha. Wimbo wa taifa ukatoka mzima, na tarumbeta zake na ngoma zake.

"Amerudi," akasema Arafa, akapiga makofi. "Mama, amerudi kama zamani."

Mama Arafa akamuuliza fundi jambo lililokuwa likimkera tangu siku ya beseni. Waya wa pili ukija, je, itakuwa nzuri kuliko hivi?

Fundi Tindwa alichungulia mlangoni kwanza. "Mama, sauti inatoka kwenye mashine ileile na inaingia kwenye sanduku lilelile. Mtungi ni mmoja. Ukiutoboa midomo miwili, maji hayaongezeki. Nimefunga waya mmoja, nimefunga miwili, nimesikiliza miaka thelathini. Sijasikia tofauti. Anayeisikia simwiti mwongo, huenda Mungu kamjalia. Lakini kumlazimisha mtu aisikie, hapo ndipo mimi nilipogombana nao." Akakunja bisibisi yake ndani ya kitambaa. "Na pini hizo sikuzifunga mimi."

*

Ikabaki jioni moja na asubuhi moja ya kumfundisha mtoto.

Kila nyumba ilikuwa imepewa kijitabu, *Mwongozo wa Yale Unayoyasikia*. Mama Arafa alikisoma kwa kufuatisha kidole, kama alivyofundishwa shuleni kabla ya kuishia darasa la saba. Mwananchi aliyefungiwa waya wa pili anasikia upana. Anasikia besi imekaa. Anasikia pazia limeondoka mbele ya Mheshimiwa. Anasikia kila kitu kipo mahali pake, na kimya baina ya neno na neno ni cheusi zaidi.

"Sema nasikia upana."

"Upana wa nini, mama?"

"Sema tu. Pazia limeondoka."

Arafa akageuka dirishani. "Mbona lipo."

Mama akafunga kijitabu, akafikiri. Akaona mtoto hatashika kwa maneno, atashika kwa mazoea. Akachukua mwiko akagonga sufuria. Unasikia nini? Sufuria. Hapana, unasikia upana. Akagonga tena. Akafungua mlango ukalia. Unasikia nini? Mlango. Akamfinya, kidogo tu, pale pa ndani ya mkono panapouma, na aliyetokwa machozi kwanza alikuwa yeye mama. Wakaendelea. Jogoo akawika, upana. Bi Kidawa akakohoa kwake, besi imekaa. Sefu akacheua maziwa, kila kitu kipo mahali pake. Hadi Jumanne saa nne asubuhi, ukiangusha kijiko katika nyumba ile, mtoto alijibu kabla kijiko hakijatulia, na uso wake ulikuwa umenyooka kama wa karani.

Mama Arafa akashusha pumzi. Akampa kipande cha mkate chenye siagi.

*

Mkaguzi, Bwana Lufingo, Afisa Usikivu wa Kata, hakuja na gari la kijivu. Alikuja na baiskeli, amefunga bunda la waya kwenye kiti cha nyuma, na masikioni alikuwa amejaza pamba.

Mama Arafa alimkaribisha mara tatu. Bi Kidawa, aliyemsindikiza kikazi, akamweleza mwenye nyumba kwamba Bwana Afisa hasikii kwa makusudi.

"Mimi sisikilizi," Bwana Lufingo akathibitisha kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima. "Mimi nakagua usikivu. Mkaguzi akisikiliza, ataanza kuwa na maoni, na maoni yataharibu matokeo. Nimekagua nyumba mia nne na sijasikia hata moja."

Kwa kuwa mtu wa cheo chake hapandi stuli, mama mwenyewe ndiye aliyepanda kufunga waya wa pili, mgongo wake ukizificha zile pini. Aliufunga sawasawa, maana hakutaka dhambi mbili. Bwana Lufingo akatoa kinasa sauti alichokuja nacho, akapiga hotuba ya Mheshimiwa kwa waya mmoja. Kisha akachomeka na wa pili, akapiga ileile kwa nyaya mbili. Ilikuwa hotuba moja, sauti moja, hata kikohozi kilikuja palepale.

Akamwinamia Arafa. "Haya, mwananchi mdogo. Umesikia nini?"

Arafa akamtazama. Akamtazama mama yake juu ya stuli. Kikapita kimya, na kimya hicho, kama kijitabu kilivyosema, kilikuwa cheusi.

"Nimesikia upana," akasema Arafa. "Besi imekaa. Pazia limeondoka. Kila kitu kipo mahali pake." Kisha akaongeza kitu ambacho hakimo hata kijitabuni: "Ni kama Mheshimiwa ameingia ndani na kuvua viatu."

Bwana Lufingo hakusikia neno, ila aliona midomo ikienda vizuri. Akaweka alama kwenye karatasi yake. Akamkabidhi cheti chenye utepe, Sikio Safi Daraja la Kwanza. Kisha akamwamuru mama aufungue ule waya wa pili, akaukunja, akaufunga kwenye baiskeli yake.

"Kwani hautubakizii?" Mama Arafa akamuuliza Bi Kidawa.

"Huo ni waya wa ukaguzi, mama. Kata nzima ni huohuo mmoja. Lakini nyie mmeandikwa tayari mnao."

Akacheka, Mama Arafa, mpaka akashika ukuta. Gari halikuja. Mtoto alikuwa hapo, analamba siagi kidoleni. Aliona ameshinda.

*

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, saa tisa na robo, Mama Arafa alikuwa uani anasuuza nguo. Ndani, Sefu alikuwa mkekani na dada yake kando yake, na ukutani Mheshimiwa alikuwa anasema zahanati zimejaa dawa.

Mama akaita bila kuinua kichwa. "Arafa, mwenzio vipi huko? Unasikia nini?"

"Upana, mama."

Mama akatabasamu. Akakamua shati.

"Besi imekaa," sauti ikaendelea kutoka ndani, taratibu, kama mtoto anayesoma ubaoni. "Kila kitu kipo mahali pake."

Akakamua la pili. Akalitundika. La tatu lilikuwa mkononi ndipo mwili wake ulipomwambia, kabla ya akili: leo hakuna mkaguzi. Leo hakuna mkaguzi, na huyu mtoto anajibu nini?

Aliingia na povu hadi viwikoni. Sefu alikuwa ameketi ameinama mbele, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, midomo imekuwa ya zambarau, macho yamemtoka anamtafuta mtu. Filimbi haikuwa filimbi tena, ilikuwa imekwisha kuwa kimya. Arafa alikuwa kando yake, wima, mikono ameikunja mbele kama siku ya ukaguzi, na machozi yanamtiririka bila sauti.

Dawa iliteleza mkononi mara mbili kwa ajili ya sabuni. Mara ya tatu ikaingia. Akapuliza, akangoja, akapuliza tena, akimwita mtoto kwa majina yake yote, na la babu yake. Ukutani Mheshimiwa alimaliza habari za zahanati akaingia habari za maji. Alikuwa amefika kwenye mabomba ya wilaya ya tano Sefu alipovuta pumzi moja ndefu, yenye mikwaruzo, akaanza kulia.

Mama Arafa hajasikia tarumbeta nzuri kuliko kilio kile.

Baadaye, mtoto alipolala kifuani pake, akamvuta na mkubwa.

"Hukumsikia mwenzio?"

"Nilimsikia."

"Tangu lini?"

"Tangu Mheshimiwa alipoanza."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Uliniuliza nasikia nini," akasema Arafa. "Nikakujibu."

Spika ilikuwa imenyamaza. Nje jogoo wa jirani alikuwa anajiandaa kuwika, na ndala za Bi Kidawa zilikuwa zinakwenda kisimani na kurudi haraka, maana kisima kilikuwa kikavu.

"Haya nikuulize upya," akasema mama, polepole. "Sasa hivi, wewe mwenyewe. Unasikia nini?"

Mtoto akatazama mlango. Akatazama lile sanduku juu ya picha ya harusi. Kisha akamsogelea mama yake sikioni.

"Tuko peke yetu?" akanong'ona. "Au kuna mtu?"

*

Mama Arafa alikitoa kile cheti ukutani, akakigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli ya mtoto. Wenye watoto walikinakili, na wengine wamekinakili kwa hao. Kiliandikwa hivi:

Vya kuepuka.

Usitoe kibati kabla hujaushika waya wa pili mkononi. Kuahidiwa si kushika.

Usikabidhi kibati kwa mtu mwenye beseni.

Usijaze fomu yenye swali moja.

Usimwamini mkaguzi aliyeziba masikio, hata akija kwa baiskeli.

Usiogope gari ambalo hukuliona. Mimi niliogopa la kijivu, likaniumiza bila kuja.

Pini za nywele zinafaa, ila kwangua rangi kwanza.

Usimfinye mtoto kwa sababu amesema mlango ni mlango.

Usimuulize mtoto anasikia nini ikiwa jibu umeshampa wewe.

Kifua kikipiga filimbi kisha kikanyamaza, usidhani kimepona. Kimbia.